Mtani Wangu Juu ya Keki

Jumapili, alasiri. Joto la kungoja mvua. Mawingu yamekuwa yakikusanyika tangu asubuhi kisha yanaghairi, kama fundi bomba aliyekuambia yuko njiani. Nimetoka kanisani na hasira ile ile niliyoingia nayo, na nadhani hata mchungaji aliiona, maana mlangoni alinipa mkono harakaharaka akamgeukia mwingine.

Watu wananipongeza tangu jana. Simu haitulii.

Sijawahi kupongezwa nikachukia hivi.

Niseme wazi, maana hapa ndipo ninaposemea ya wazi: jana nilikwenda kwenye sendofu ya Neema, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi yake, kulipiza kisasi. Nilikwenda na keki, na juu ya keki nilikwenda na silaha. Silaha yenyewe haizidi kidole gumba. Nimeiandaa tangu kiangazi cha mwaka jana, nikailea kama mwana. Jana ikanigeuka mbele ya ukumbi mzima.

Kwa msomaji mgeni aliyepotea njia akaangukia hapa: mimi ni mwoka keki, Ng'ambo, Tabora. Wale bwana na bibi harusi wadogo wanaosimama juu ya keki natengeneza mwenyewe. Nilianza kwa sababu wa dukani wote walikuwa Wazungu, na nilichoka kuona watu wanakula keki huku Mzungu amesimama juu yake kama aliyekuja kukagua. Nachonga kwa vipande vya mninga ninavyookota kwa maseremala, nachomeka kijiti miguuni, napaka rangi. Hakuna aliyenifundisha. Kazi zangu za mwanzo zinalithibitisha hilo bila ushahidi mwingine.

Sasa, Yona.

Yona ndiye mchora mabango wa mtaani kwetu. Ukiona kinyozi ukutani mwenye shingo ndefu kuliko mteja wake, huyo ni wa Yona. Yeye ni Mgogo, mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Mababu zetu walibeba mizigo kutoka hapa hadi pwani na kurudi, na katikati ya njia kulikuwa na Ugogo, na Ugogoni hakukuwa na kupita bure. Ulilipa hongo kwa ajili ya maji, kwa ajili ya njia, na nadhani hata kwa ajili ya kivuli chako. Ugomvi ule ukazaa utani, na utani una sheria moja tu ya kukumbuka: mtani akikutukana hukasiriki. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Mimi nimekuwa mwenye kosa kimoyomoyo kwa mwaka mzima na ushee.

Baba alifariki kiangazi cha mwaka jana, nyumbani Usoke, alikolima tumbaku mpaka mwili ukakataa. Usiku wa kuamkia mazishi sikuweza kukaa na wenzangu. Nilikaa jikoni nikamchonga baba, na kofia yake na baiskeli yake. Mninga ulikubali vizuri, hata kule kuinama kwake begani kulitoka. Asubuhi nikampaka rangi ya mafuta, ile iliyobaki tulipopaka milango, moja kwa moja kutoka kwenye kopo. Nilikuwa nalia, brashi siioni. Rangi ikajaa machoni, ikaziba mdomo, ikachuruzika na kugandia kidevuni kama ndevu ambazo baba hakuwahi kuwa nazo.

Nikakiweka kisanamu mezani kando ya picha yake. Hakuna aliyesema kitu. Msibani watu wana adabu.

Isipokuwa watani. Wao kazi yao ni kukosa adabu.

Yona alifika, akalala chini, akaziba mlango kwa mwili wake wote, na mwili wa Yona unaziba. Jeneza haliwezi kutoka. "Hapa ni Ugogo!" anapiga kelele. "Hampiti bila hongo! Kama babu zenu walilipa, nyie ni nani?" Akapewa kuku, akainuka, akajipangusa vumbi. Hapo hata mimi nilikuwa nacheka. Ndipo macho yake yakaangukia meza. Akakiokota kisanamu changu, akakiinua juu kila mtu akione.

"Jamani Wanyamwezi, mnataka kunichanganya? Wa kwenye jeneza ana uso. Huyu amemwagiwa uji! Tunamzika yupi?"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mama yangu, ambaye hakuwa ametoa sauti tangu msiba uingie, alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Mpaka leo wapo wanaosema kicheko kile ndicho kilichomrudisha mama mezani akala. Sibishi. Alikula kweli.

Lakini mimi niliyasikia maneno yale kwa masikio ya binti wa marehemu. Nikampelekea Yona sahani ya wali kwa mikono miwili, nikamwambia karibu mtani, na ndani ya tumbo langu kitu kikakaa chini kikasema: mimi sitoki.

Tangu siku hiyo naitwa Mama Uji. Wateja wanakuja dukani, watu wazima na heshima zao: "Mama, keki tunataka ya ghorofa mbili, ila maharusi wasiwe wa uji." Wanacheka, nami nacheka, sheria ni sheria.

Ndipo nikaanza kusoma rangi.

Nilianza kama wote tunavyoanza siku hizi, kwenye simu. Kijana mmoja wa nchi za baridi, mikono misafi kama ya daktari, anapaka askari wadogo kuliko njugu, na wana kope. Anasema rangi iwe kama maziwa. Nikasema sawa, nikaichanganya mpaka ikawa kama maziwa ninayoyajua mimi, ya kibuyu, yanayotoka kwa kusukumwa. Bibi harusi niliyempaka siku hiyo alionekana amevaa godoro.

Nikaacha rangi ya mafuta, nikaingia kwenye rangi ya maji, ile ya ukutani, nikitia rangi kali za chupa ndogo kupata kahawia za ngozi zetu, maana kahawia si moja. Nikaongeza maji. Nikapita kiasi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba rangi iliyozidishiwa maji haifi kimya. Inakatika vipande usoni, huku kisiwa, kule ziwa, na mti mtupu unachungulia katikati. Isitoshe mninga una kiu. Ukiupa rangi nyepesi kabla hujaushibisha, unainywa, vinyweleo vya mbao vinasimama, na bwana harusi anaonekana ana upele.

Basi nikawa naushibisha kwanza. Tabaka moja la gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa, likauke, nipitishe msasa laini, ndipo rangi ije. Na ile rangi iliyokuwa ikikatika vipande, nikagundua kwamba tone la gundi hiyo hiyo linaishikanisha tena. Maji ya kisima yaliniachia ukungu mweupe wa chumvi, kwa hiyo nikakinga ya mvua nikayaweka kwenye chupa, na mgeni mmoja nusura ayanywe. Kiangazi kilipokaza, rangi ikawa inakauka kwenye brashi kabla sijafika puani. Nikanunua glisirini duka la dawa. Tone dogo, rangi inasubiri. Tone kubwa, haikauki kabisa, na vumbi lote la Ng'ambo linakuja kukaa juu ya shela la bibi harusi.

Kipimo changu cha mwisho si maziwa wala uji. Ni ukucha. Unachukua tone kwa ncha ya brashi, unaliweka juu ya ukucha wa gumba, unainamisha kidole. Likibaki limekaa kama kifungo, ni zito. Likikimbilia kwenye nyama, ni jepesi. Unataka lile linaloondoka kama mgeni aliyeshiba: taratibu, bila kusukumwa, likiacha alama lilipokaa. Hilo ndilo. Halafu unapaka tabaka jembamba ambalo linakudharau, halifuniki kitu, unaona umepoteza muda. La pili linafunika nusu. La tatu linafunika na hakuna lililozibwa. Kope zipo. Mkunjo wa mdomo upo.

Kila tabaka nilikuwa namfikiria Yona. Wapo wanaofanya kazi kwa upendo. Mimi nilifanya kwa chuki, na nakuhakikishia chuki ina subira kuliko wanavyosema.

Mwezi uliopita mke wa Yona akaja dukani. Neema, binti yao wa kwanza, anaolewa, na kwa sendofu yake wanataka keki kwangu. Nilimkadiria bei ya keki kwa uso mkavu kabisa. Alipotoka tu nikafunga mlango nikacheza.

Nikamchonga Yona.

Nilimweka juu ya ngazi, anachora bango. Suruali imeteremka nyuma, kama inavyoteremka siku zote, sehemu ambayo mtaa mzima unaifahamu na hakuna aliyeomba kuifahamu. Tumbo limeegemea ngazi. Kofia imegeuzwa. Na ulimi. Yona akichora herufi anatoa ulimi pembeni ya mdomo kama mtoto wa shule, na mwenyewe hajui. Ulimi ule niliupaka kwa rangi niliyoipima ukuchani mpaka ukucha ukabadilika rangi. Kwenye bango lake, kwa brashi niliyoipunguza ikabaki na nywele chache, nikaandika: HONGO HULIPIWA HAPA. Rangi ya herufi hizo ilibidi iwe nyepesi kuliko ya uso, iteremke yenyewe kama wino. Nilishusha pumzi mwisho wa kila herufi.

Nilipomaliza nilimtazama nikasema: sasa wewe.

Jana, basi. Ukumbi umejaa, vitambaa vya dhahabu, MC ana sauti ya kuuza mnadani. Keki ikasukumwa katikati, kisanamu nimekifunika na kikombe cha karatasi. Nikamwomba MC kipaza sauti. Akasita, nikamwambia watani tuna neno, akanipa. Hakuna MC wa Tabora anayemkatalia mtani.

"Wagogo nawasalimu," nikasema. "Ninyi hamkujibu, mnasubiri mpewe kitu kwanza."

Wakacheka. Nikaendelea. Nikasema leo mnamtoa binti, lakini kabla hajatoka, mumwone baba yake vizuri, maana wengi mmemwona kwa nyuma tu, akiwa juu ya ngazi, na kwa nyuma kule Bwana Yona ameonyesha zaidi ya mahari yote. Hapo ukumbi ukainuka. Nikaondoa kikombe.

Nilikuwa nimekiota kile kicheko mwaka mzima. Nilijua kitakavyoanzia meza za mbele, kitakavyorudi nyuma. Nilijua Yona atakavyokaa amebana midomo, hukasiriki, sheria.

Yona akaja. Akainama. Akatoa miwani mfukoni, akavaa, akainama tena.

Ukumbi wote ukageuza shingo kumsubiri yeye.

Neema akawahi. "Baba! Ulimi wako! Mama, njoo uone, ni ulimi wa baba!" Akaangua kicheko, na katikati ya kicheko machozi yakaanza kumtoka na kuteremsha wanja wa watu waliolipwa kuupaka. "Shikamoo mama," akaniambia huku ananikumbatia, vumbi la dhahabu alilopakwa lote likahamia kwangu. "Nitaondoka naye. Nitamweka kabatini kwangu nimwone kila siku."

Watu wakaanza kusogea. Si kucheka. Kutazama. Wakapanga foleni, jamani. Foleni, kama kwenye chanjo. Simu zikatoka. "Mwone, hata kucha ile nyeusi aliyojipiga nyundo!" "Huyu ni Yona mwenyewe, anakaribia kuomba soda!" Suruali ile, suruali niliyoipangia aibu, wakaitazama kwa mapenzi, kama mtu anavyotazama mlango wa nyumba aliyokulia.

Yona alikuwa bado ameinama. Ndipo akajinyoosha, akavua miwani.

"Watu wangapi nimewachora kwenye kuta za mji huu," akasema bila kipaza sauti. "Vinyozi, madaktari wa meno, ng'ombe wa buchani. Hakuna aliyewahi kunichora mimi." Kisha akanigeukia. "Mnyamwezi, umenipa uso."

Nilitaka kumchoma na kile kijiti cha kisanamu.

Akaniuliza pembeni, fundi kwa fundi, kwa sauti ya chini: "Mtani, rangi unazimua vipi mpaka inalala hivi? Mimi brashi ndogo zinanishinda, inajaa."

"Iwe kama uji," nikamjibu.

Alicheka mpaka ikabidi ashike meza, na keki ikatikisika. Kisha akalala chini mbele ya keki, na suti yake, akatangaza kwamba haikatwi mpaka Wanyamwezi walipe hongo. Nikalipa. Soda ya machungwa. Kila mtu alifurahi. Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe cha karatasi mkononi.

Nilikwenda kukaa kwa shangazi Kalunde, dada wa baba, ambaye alikuwa kwenye meza ya wazee anakula nyama kwa utaratibu. Yeye alikuwepo Usoke siku ile. Hakunipongeza.

"Ulikuwa unamlipiza ya msiba wa kaka," akasema. Hakuuliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Hapa?"

"Hapa."

Akatoa mfupa mdomoni, akauangalia, akanitazama mimi kwa macho yale yale. "Wewe mtoto umekulia wapi? La msibani hulipwa msibani. Harusini mtu ana furaha, utamtukana nini kikamwingia? Ukimrushia tope anafikiri ni hina." Akarudi kwenye nyama yake. "Msubiri afe."

Nimeyafikiria maneno hayo usiku kucha na ibada nzima, na nakiri kwamba shangazi amesema kweli. Nilijifunza kila kitu kuhusu rangi na sikujua kitu kuhusu siku ya kuitumia. Mtu wa makamo kama mimi, Mnyamwezi wa baba na mama, nimelipiza la jeneza kwenye keki. Hata Yona lazima alishangaa. Lazima alikuwa amejiandaa mwaka mzima kwa ajili ya mazishi yake mwenyewe, nami nikamletea zawadi.

Na kuna jambo jingine, nalisema kwa sauti ndogo. Kisanamu kibaya kingemwaibisha. Ningempaka kwa rangi nzito ya kopo, uso uzibe, suruali igande, watu wangecheka vizuri kabisa na kusema amemlipa. Ila mkono ulikataa. Kila nilipopima tone ukuchani nikaliona ni zito, nililirudisha. Nilikuwa namchukia, na sikuweza kumharibu. Sijui mtu kama huyo anaitwaje. Najua tu kwamba hafai kutumwa vitani.

Leo wamepiga simu wateja. Mmoja anataka babu yake kwa ajili ya jubilei ya ndoa. Mwingine anataka mume wake na pikipiki, "ila pikipiki ndiyo ionekane zaidi." Hakuna aliyesema neno uji. Naambiwa nifurahi.

Sijafurahi. Nimejipanga upya.

Yona bado ana nguvu, uso wake umejaa, hauna kitu cha kupaka ila mashavu. Uso wa kuwekwa kando ya jeneza ni uso wa mzee, na uso wa mzee unataka rangi nyepesi kuliko zote, ile inayoingia kwenye mikunjo yenyewe na kuacha vilele vikavu. Nimeijaribu mchana huu kwenye kipande kitupu. Inakimbia, inakusanyika kwenye pua, inamfanya mtu aonekane ana mafua. Itanichukua miaka. Vizuri. Nina mahali pa kuipeleka.

Kwa hiyo nimemwombea Yona leo kanisani, kwa jina lake lote, afya njema na umri mrefu, azeeke mpaka akunjamane kama embe lililosahaulika dirishani. Sitaki afe akiwa na shavu hata moja laini. Na siku hiyo sitaki mtani mwingine awahi mlango. Nitalala pale mimi.

Shida ni moja. Nimepiga hesabu za umri wetu, na daktari aliniandikia vidonge vya presha tangu Pasaka. Nilivimeza wiki moja nikaviacha, maana vinanikausha mdomo na sikuona sababu.

Nimeviona leo kwenye droo, chini ya brashi. Nimemeza kimoja sasa hivi, na maji ya mvua. Kesho asubuhi na mapema niko kliniki Kitete, wanipime, wanipe vingine, wanizuie chumvi wakitaka.

Yule Mgogo hatanizika mimi.